Nani alipie lori la taka likivuka mpaka wa halmashauri?

Panda daladala ya Kisesa asubuhi ukiwa Mwanza mjini, halafu angalia mipaka. Mabatini uko Nyamagana, yaani Jiji la Mwanza lenyewe, ukifika Nyakato uko Ilemela, Igoma umerudi tena Nyamagana, mbele kidogo Kisesa ushaingia Magu, yaani ndani ya safari moja umepita halmashauri tatu na hujaona geti wala mto wala chochote cha kukushtua. Maduka yanaendelea, nyumba zinaendelea, mama lishe wapo, na taka nazo zinaendelea. Ila lori la taka lina mwenyewe. Likifika kwenye mpaka linageuza, hata kama kuna rundo liko hatua hamsini mbele yake.

Mi nakaa upande wa Igoma, na kwenye mikutano ya mtaa swali linalorudi kila mara ni hili: kwanini sisi tunatoa hela ya taka kila mwezi na jirani wa ng'ambo hatoi, au anatoa nusu, wakati wote tunanunua sokoni pamoja na nzi ni walewale? Jibu linalotolewa ni "ndo sheria ndogo ilivyo", watu wanaguna, ajenda inayofuata. Nadhani swali hili linastahili jibu la maana, kwa sababu ndani yake kuna mambo kama manne yamejifunga pamoja na watu wanagombana bila kujua kila mmoja ameshika kamba ipi.

Tuanze na kwamba mpaka wenyewe ni wa kwenye makaratasi. Ilemela ilipata manispaa yake 2012, kabla ya hapo ilikuwa ndani ya Jiji la Mwanza, na dampo la Buhongwa likabaki upande wa Nyamagana, kusini kabisa kwenye barabara ya Shinyanga. Sasa angalia ramani. Mtu wa Usagara yuko Misungwi, wilaya nyingine kabisa, lakini ukitoka Buhongwa kwenda mbele kidogo tu umemfikia. Mtu wa Igombe au Kayenze yuko Ilemela, ambayo watu wengi bado wanaihesabu ni Mwanza mjini, ila taka zake zikitakiwa kwenda Buhongwa itabidi zipite uwanja wa ndege, zipite Pasiansi, Kirumba, katikati ya mji, Mkuyuni, Nyegezi, Mkolani, ndo zifike. Sensa ya 2022 ilikuta watu zaidi ya milioni 1.1 Nyamagana na Ilemela tu, Kisesa na Usagara hazimo humo, na kila mmoja wa hao kila siku anatupa kitu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeziachia halmashauri kazi ya taka ngumu, kila halmashauri na eneo lake. Sawa, lakini taka zikishatoka kwenye kiroba cha mtu hazina eneo.

Watu wakisikia gharama za taka wanawaza lori, ila lori liko katikati tu. Kuna hela inayotumika kabla halijafika, kutoka mlangoni kwako mpaka kwenye ghuba, pale taka za mtaa zinapokusanywa zikisubiri lori: mkokoteni, guta, toyo, kijana na reki yake na buti lililopasuka. Hapa kwetu sehemu hii ni ngumu kuliko miji mingi kwa sababu ya miamba. Panda juu kule Igogo au Mabatini uone nyumba zilivyokaa katikati ya mawe, gari haipandi, pikipiki yenyewe inaishia njiani, taka inashuka kichwani mwa mtu kwenye kiroba na maji yake yanamchuruzikia shingoni. Halafu ndo linakuja lori, yaani dizeli, tairi, dereva, vijana wa kupakia. Halafu mwisho kuna dampo, na dampo sio shimo la kutupia tu, dampo linataka buldoza la kusambaza na kushindilia, udongo wa kufukia, uzio, mlinzi, na mifereji ya kuzuia yale maji meusi yanayotoka chini ya taka yasiingie kwenye visima vya watu.

Tofauti ya hizi sehemu tatu ndo ufunguo wa kila kitu, kwa hiyo nisikilize hapa. Ya kwanza ni ya kwenu wenyewe, jirani hawezi kukusaidia kushusha kiroba mlimani. Ya pili inategemea safari, lori likienda mara mbili linakunywa mara mbili. Ya tatu kwa sehemu kubwa haijali umeleta kiasi gani, mlinzi wa dampo analipwa yaje malori kumi au hamsini, uzio ni uleule, buldoza likisimama bila kazi bado linadaiwa. Kwa hiyo kinachofaa kugawanwa na majirani ni hiyo ya tatu kwanza, halafu ya pili kwa uangalifu, ya kwanza kila mtu na mtaa wake.

Sasa tupige hesabu. Namba hizi ni za kwangu za mfano, sio za halmashauri yoyote. Tuchukulie kuna maeneo matatu yanatumia dampo moja. Mwamba ina watu 60,000, inatoa tani 24 kwa siku, iko kilomita 8 kutoka dampo. Sokoni ina watu 40,000 ila ina soko kubwa kwa hiyo inatoa tani 30, iko kilomita 12. Njia Panda ina watu 20,000, tani 6, kilomita 25. Dampo linakula milioni 36 kwa mwezi.

Ukigawa kwa vichwa, kila mtu anahesabiwa shilingi 300, kwa hiyo Mwamba inatoa milioni 18, Sokoni milioni 12, Njia Panda milioni 6. Hapo Mwamba watapiga kelele na wana haki, wanawalipia watu wa Sokoni maganda ya soko lao. Basi tugawe kwa tani: jumla ni tani 1,800 kwa mwezi, kila tani shilingi 20,000, Mwamba inashuka mpaka milioni 14.4, Njia Panda milioni 3.6, na Sokoni inaruka mpaka milioni 18. Sokoni nao watapiga kelele, na wao pia wana haki, kwa sababu anayenunua nyanya kwenye lile soko ni mtu wa Mwamba na mtu wa Njia Panda, wao wamebaki na majani ya kabichi tu. Huyu wa Kisesa anayeuza Igoma mchana na kulala Kisesa usiku, taka zake za mchana ni za Jiji na za usiku ni za Magu, utamhesabu wapi?

Na kuna kitu kingine kwenye kugawa kwa tani ambacho watu wengi hawakioni mpaka wakionyeshwa. Zaidi ya nusu ya taka zetu ni mabaki ya chakula, maganda ya ndizi, majani ya viazi, vichwa vya samaki. Sasa chukua ghuba lisilo na paa, mvua za Machi zimepiga usiku kucha, asubuhi nenda uinue kiroba kimoja, utakuta hakiinuki, kilikuwa cha kubebwa na mtoto jana leo kinataka watu wawili. Lori likipanda kwenye mzani unalipia maji. Unalipia mvua! Mtaa wenye ghuba la mabati na sakafu iliyoinuliwa unapeleka taka ileile kwa bei ndogo, na mtaa maskini ambao ghuba lake ni ukuta wa tofali tatu uliobomoka unalipa zaidi kwa taka kidogo. Kwa hiyo kabla hamjakubaliana bei ya tani kubalianeni paa la ghuba, hela ya mabati inarudi haraka sana.

Halafu bei ya tani ikiwa kali, halmashauri inajifunza njia ya mkato, kila tani ambayo haikufika dampo ni hela imebaki. Mtu hatasema hivyo kwenye kikao, ila lori litaanza kuharibika mara kwa mara, ghuba litachomwa moto usiku, korongo litaanza kujaa. Ukigawa kwa vichwa huo ushawishi haupo, ukishalipa umelipa, utaleta zote. Lakini pia hakuna atakayehangaika kupunguza.

Ndo maana mi naona njia inayosimama ni kuugawa mzigo mara mbili. Ile hela ya dampo ambayo haibadiliki igawanwe kwa vichwa, ile inayopanda taka zikiongezeka igawanwe kwa tani. Tuseme nusu kwa nusu, milioni 18 na milioni 18. Mwamba watatoa milioni 9 za vichwa na milioni 7.2 za tani, jumla milioni 16.2. Sokoni milioni 6 na milioni 9, jumla 15. Njia Panda milioni 3 na milioni 1.8, jumla 4.8. Hakuna aliyeshinda na hakuna aliyenyongwa, na kila mmoja bado ana sababu ya kupunguza tani bila kuwa na sababu ya kuzificha.

Bado lori. Tuseme lori linabeba tani 6 na kila kilomita linakula shilingi 3,000, na kilomita za kwenda na za kurudi zote zinahesabiwa. Mwamba tani moja inawagharimu 8,000, Sokoni 12,000, Njia Panda 25,000. Njia Panda wanalipa mara tatu ya Mwamba kwa tani ileile, na kosa lao ni kwamba wako mbali. Ukitia usafiri wote kwenye kapu moja inakuwa 11,700 kwa kila tani, Njia Panda wanapumua, Sokoni wanapata nafuu kidogo, na Mwamba wanaongezewa kama milioni 2.7 kwa mwezi. Hapa ndo mazungumzo mengi yanakufa, diwani wa Mwamba anasimama anasema siwezi kwenda kuwaambia wananchi wangu kwamba wanalipia dizeli ya wilaya nyingine.

Mimi ningemjibu hivi mheshimiwa. Kwanza, ukibaki na dampo peke yako ile milioni 18 ya vichwa ni yako yote, sasa hivi unalipa 9, umeokoa milioni 9 ili utoe milioni 2.7, bado uko mbele. Pili, na hii ndo inaniuma zaidi, njoo nikuonyeshe Mabatini baada ya mvua.

Kuna mama anauza samaki wa kukaanga karibu na daraja la Mto Mirongo, mtu mzima, tunamwita mama mkubwa. Mvua ikikatika tu yeye hafungui kwanza jiko, anashuka na koleo kwenye mfereji unaopita nyuma ya kibanda chake. Siku moja nilisimama nikamsaidia. Tulitoa chupa, tukatoa pampasi, tukatoa kiroba kizima kimejaa pumba za mahindi, akaniambia "mwanangu hii sio ya huku, huku nani ana mashine ya kukoboa?" Akaniambia kila mvua kubwa anampa kijana buku tatu amsaidie kuzibua, asipofanya hivyo maji yanaingia ndani na wateja hawakai. Nikapiga hesabu kichwani, mvua nne kubwa kwa mwezi ni elfu kumi na mbili. Yule mama anachangia usafi wa mkoa kwa elfu kumi na mbili kwa mwezi, na hakuna daftari la halmashauri yoyote lenye jina lake. Na anayokosa kuyazuia yeye Mirongo inayapeleka ziwani, ziwa ambalo maji yetu ya bomba yanavutwa humohumo, Capri Point na sasa Butimba.

Kwa hiyo diwani akisema hatulipii taka za jirani, ukweli ni kwamba zinalipiwa tayari. Zinalipiwa na mtu wa bondeni kwa koleo, na mvuvi ambaye nyavu inapanda na mifuko, na mgonjwa wa kuhara. Kugawana gharama maana yake ni kuitoa hiyo hela kwa hao watu na kuiweka mezani ionekane.

Njia moja ya kupunguza maumivu ya umbali ni kituo cha kuhamishia taka. Badala ya kila kirikuu na kila lori dogo kwenda mpaka dampo, mnajenga sehemu moja kati, magari madogo yanamwaga pale, lori moja kubwa linabeba mzigo wa madogo matatu au manne. Kituo cha namna hiyo kikikaa mpakani kabisa, mfano kati ya Igoma na Kisesa, kinatumika na halmashauri mbili kwa gharama ya moja. Ila kisimamiwe, kikikaa siku tatu bila kuondolewa mmetengeneza dampo jipya katikati ya makazi, na hilo nimelishuhudia: mtaani kwetu kuna kipindi mzoaji aliyepewa kazi alikata wiki nzima hajatokea, risiti zinaendelea kukatwa, ghuba likafurika mpaka barabarani, na mkiuliza mnaambiwa gari liko gereji.

Halafu kuna mwenyeji. Hili linasahaulika kabisa kwenye hesabu nyingi na sio haki. Watu wanaoishi kando ya dampo wanabeba kitu ambacho hakina tani wala kilomita, harufu, nzi, moshi siku taka zikiwaka, malori yanayopita siku nzima barabarani kwao, kiwanja ambacho hakiuziki. Wanaotumia dampo watoe kitu juu ya gharama, kwa kila tani, na hiyo hela isiingie mfuko mkuu wa halmashauri ikapotelea kwenye posho, iende kwa watu wa pale: maji ya bomba, lami ya ile barabara ya malori, zahanati. Ukimwambia mtu wa kando ya dampo akubali taka za halmashauri nyingine bila hicho kitu, atakataa, na mimi ningekuwa yeye ningekataa.

Watu wengine wameshapitia haya. Ufaransa ina vijiji na miji kama 35,000, vingine vina watu mia mbili tu, kijiji cha namna hiyo hakiwezi kununua lori. Tangu 1890 sheria yao iliruhusu vijiji kuungana na kuwa na chombo kimoja cha kufanya kazi fulani kwa pamoja, na tangu Januari 2017 habari ya taka imetolewa kabisa kwenye kijiji kimoja kimoja ikawa lazima ifanywe na muungano wa majirani. Korea Kusini wao 1995 walianza kuwauzia watu mifuko maalumu ya taka, unatupa kingi unanunua mifuko mingi. Huo wa Korea siushauri kwetu kwa sasa, mahali ambapo kutupa korongoni usiku ni bure, mfuko wa kulipia utawafukuzia watu hukohuko.

Mfano wa karibu ni Dar. Pale palikuwa na Halmashauri ya Jiji iliyokaa juu ya manispaa tano, na dampo la Pugu Kinyamwezi lilikuwa chini ya Jiji, manispaa zote zinapeleka huko. Februari 2021 Jiji lile likavunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa Jiji, na Pugu Kinyamwezi iko ndani ya Ilala. Yaani kitu kilichokuwa cha wote kikawa kwa mmoja na wengine wakawa wageni kwake. Fundisho ninalolipata ni kwamba makubaliano ya taka yasitegemee muundo wa utawala, mipaka yetu inabadilika kila baada ya miaka kadhaa, sisi wenyewe tuliona 2012. Yaandikwe kama mkataba kati ya halmashauri na halmashauri, wenye miaka, wenye bei, wenye kusema mtu akichelewa kulipa inakuwaje, ili hata wilaya ikigawanywa kesho deni na haki viendelee.

Na mkataba bila mzani ni maneno. Mkihesabu kwa trip, lori nusu na lori lililojaa ni sawa, na watu watajifunza kupeleka lori nusu na kusema limejaa. Mzani uwepo getini, kila gari liandikwe, na ile orodha ya mwezi ibandikwe ofisi za kata za pande zote, sio ipelekwe kwa mkurugenzi tu. Akaunti ya dampo iwe yake peke yake. Hapa sitaki kulainisha maneno, mtu wa kawaida hakatai kulipa buku mbili ya taka, anakataa kulipa buku mbili asiyoiona, na akishakataa huyo na jirani yake akakataa, ile sehemu ya Njia Panda ya milioni 4.8 haipatikani hata ukiwa na hesabu nzuri kiasi gani.

Kwenye kaya penyewe sioni haja ya kuumiza kichwa sana. Duka, gesti na baa zilipe zaidi ya nyumba, soko lilipe kwa ushuru wake, na bibi anayekaa peke yake juu ya jiwe asilipe sawa na nyumba ya wapangaji kumi. Mtendaji na balozi wanawajua wote hao kwa majina.

Sasa kwa mtu wa Igoma au Kisesa anayetaka kuanzia mahali, kalenda ndo kitu cha kushika. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, bajeti zinapikwa miezi mingi kabla, na mapendekezo yanaanzia mtaani na kijijini. Kituo cha pamoja kinatakiwa kiingie kwenye bajeti ya Jiji na ya Magu mwaka uleule, upande mmoja ukikitia mwaka huu na mwingine mwakani kimekufa, kwa sababu hela ya wa kwanza itakuwa ishapelekwa kwingine. Kwa hiyo mikutano miwili, wa Igoma na wa Kisesa, ikae mwezi mmoja, muhtasari wa huku usomwe kule na wa kule usomwe huku, na wenyeviti wote wawili wauwahi mwezi Novemba.